Dadu Haina Kumbukumbu: Somo la Uwezekano kwa Msaada wa Mbwa wa Kufumba na Kufumbua

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huketi nyuma ya darasa tukijaza fomu ya tathmini. Siku moja tulimsikiliza mwanachuo aliyefundisha uwezekano kwa kutumia dadu. Ubao wake ulikuwa nadhifu, sauti yake ilisikika, na wanafunzi walimfuata vema. Kipindi kilipokaribia kwisha mtoto mmoja aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, nikikosa mara tatu kwenye ile mashine ya sarafu ya dukani, ya nne ndiyo yangu?" Mwanachuo akajibu, "Naam, hapo zamu ya kupata imekaribia." Kengele ikalia. Nasi tukaandika katika fomu: "Amejibu swali la mwanafunzi kwa kujiamini."

Kosa tuliligundua usiku, tulipokuwa tukinakili maksi. Jibu lile halikuwa kweli, na mtoto alikwisha ondoka nalo, pamoja na sarafu zake mfukoni. Mwanachuo alikosea, nasi tuliompa maksi tulikosea zaidi. Makala haya yanaeleza somo tulilolitayarisha pamoja na wanachuo wetu ili kulisahihisha kosa hilo.

Mnyama na mchezo wake

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi. Wengine kila mmoja huwa mhusika mmoja wa hadithi na kusema atakalotenda. Panapokuwa na shaka kama tendo litafaulu, dadu huamua.

Miongoni mwa viumbe wa mchezo huo yumo mbwa wa ajabu, aliyeingizwa katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk mwaka 1975. Sisi tumemwita Mbwa wa Kufumba na Kufumbua, kwa kuwa hutoweka hapa na kutokea pale kwa kadiri ya muda huo. Ni mnyama mwema, mwenye akili, na ana lugha yake mwenyewe. Adui yake mkubwa ni mnyama mfano wa chui mweusi, mwenye miguu 6 na minyiri 2, ambaye huonekana yuko mahali asipokuwapo.

Kwa mujibu wa toleo la mwaka 2014, mbwa huyu aweza kuruka kwa uchawi hadi futi 40, yaani mita 12 hivi. Akisha kuutumia uwezo huo haupati tena mara moja. Kila zamu yake inapoanza, dadu ya nyuso 6 hutupwa: ikionyesha 4, 5 au 6, uwezo umerudi, ikionyesha 1, 2 au 3, hana budi kungoja. Hivyo uwezekano wa uwezo kurudi katika kila zamu ni 3/6, yaani ½. Ndiyo sababu tulimchagua: uchawi wake wote umefungwa katika sehemu moja nyepesi, ambayo mtoto aweza kuikagua kwa mkono wake.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwa nini matokeo yaliyopita hayabadilishi uwezekano wa dadu, (b) kutofautisha dadu na kopo la karatasi zisizorudishwa.

Vifaa

Dadu 16 za karatasi ngumu au za mti, kopo moja, vipande 20 vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 20.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mwalimu asimulie kisa kifupi: mbwa amemwokoa mtoto aliyepotea pangoni kwa kutoweka naye mbele ya adui, sasa amezingirwa tena, na uwezo wake haujarudi. Kisa kiishe hapo. Wanafunzi watataka kujua yaliyompata mbwa, na dadu ndiyo itakayojibu.

Hatua ya pili (dakika 20). Darasa la wanafunzi 48 ligawanywe katika makundi 16 ya watatu watatu. Kila kundi litupe dadu hadi uwezo urudi, liandike idadi ya zamu zilizokosa, kisha lianze upya, jumla mara 5. Darasa zima litapata mizunguko 80. Kundi likikosa mara 3 mfululizo, lisitupe ya nne kabla ya kuandika linatazamia nini. Hapa pasiharakishwe: kosa lililojificha kichwani hujitokeza katika maandishi hayo. Makundi yetu karibu yote yaliandika, "Sasa atapata."

Hatua ya tatu (dakika 10). Matokeo yajumlishwe ubaoni. Kwa hesabu, katika mizunguko 80 twatazamia 40 ikose zamu ya kwanza, 20 ikose na ya pili, 10 ikose na ya tatu. Katika hizo 10, ni ngapi zitafaulu zamu ya nne? Ni kama 5 tu. Nyingine 5 zitakosa tena. Matokeo ya darasa hayatalingana sawasawa na hesabu, na mwalimu asiyarekebishe.

Kosa la wanafunzi lina chanzo chake, nacho kielezwe kwa heshima. Ni kweli kwamba kukosa mara 4 mfululizo ni nadra: mizunguko 5 katika 80, yaani 1/16. Lakini unadra huo huhesabiwa kabla ya kuanza. Aliyekwisha kosa mara 3 ameupita sehemu kubwa; lililobaki mbele yake ni tupo moja, na tupo moja ni ½.

Hatua ya nne (dakika 10). Mbwa anauma. Huongeza 3 juu ya namba aliyoipata katika dadu ya nyuso 20, na akifikia kiwango cha kinga cha adui, amefaulu. Kinga ikiwa 13, namba 10 hadi 20 zinatosha: nafasi 11 katika 20. Kwa kuwa hatuna dadu hiyo, twatumia kopo. Mwanafunzi akitoa 7, amekosa. Karatasi ile isiporudishwa, nafasi ni 11 katika 19: kopo limekumbuka. Ikirudishwa na kopo kutikiswa, ni 11 katika 20 kama mwanzo: kopo limesahau. Dadu husahau sikuzote.

Matatizo yaliyojitokeza

Mwalimu mmoja alituuliza kama dadu darasani haziwafundishi watoto kamari. Hoja hii si ya kupuuzwa. Pasiwekwe fedha, zawadi wala adhabu juu ya tupo lolote. Aidha, wanafunzi waambiwe wazi kwamba mashine ya dukani haina hata hiyo ½: aliyeitengeneza ndiye aliyeipangia, na faida yake ameiweka kwanza.

Hitimisho

Mwanachuo wetu aliomba mwenyewe kurudi katika darasa lile. Alianza kwa kusema, "Juma lililopita niliwapa jibu lisilo sahihi." Kisha akalifundisha somo hili. Yule mtoto hakusema neno. Alikwenda ubaoni, akaihesabu tena safu ya zamu ya nne kwa kidole. Nasi tulirekebisha fomu yetu, tukaongeza swali ambalo halikuwamo: je, jibu alilotoa mwalimu lilikuwa la kweli?

Maswali ya majadiliano

1. Kitabu cha mchezo chasema mbwa huyu ana alama za uhai 22, zitokanazo na dadu 4 za nyuso 8 pamoja na nyongeza ya 4. Onyesha kwa kutumia wastani wa dadu moja, yaani 4.5, namna 22 ilivyopatikana.
2. Ni mambo gani mengine katika maisha ya wanafunzi wako yenye kumbukumbu kama kopo, na yapi hayana, kama dadu?
3. Ukigundua umewafundisha wanafunzi jambo lisilo sahihi, utalisahihisha vipi mbele yao?