Programu ya kugawana bili

Swali: Tunaishi wanne nyumba moja, Dar es Salaam. Nataka kutengeneza programu ya simu ya kugawana gharama. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye hesabu, ndugu yangu, rangi na vitufe vitafuata. Tuseme mmoja kanunua LUKU ya 20,000, mwingine kajaza mtungi wa gesi kwa 24,000. Mkirudishiana bili kwa bili, mtatuma pesa mara sita, na kila mara kuna makato. Programu ijumlishe kwanza: 44,000, fungu la kila mtu 11,000. Wa kwanza anadai 9,000, wa pili 13,000. Basi wa tatu amtumie wa pili 11,000. Wa nne amtumie huyo huyo 2,000, na wa kwanza 9,000. Miamala mitatu tu, na kwa watu wanne haizidi hapo hata bili zikiwa mia.

Hifadhi shilingi nzima, bila desimali. 20,000 kwa watatu ni 6,666, zinabaki 2: amua mapema nani anazibeba, la sivyo hesabu hazitalingana.

Aliyesafiri mwezi mzima je, alipie maji? Ugomvi huanzia hapo. Kila bili iwe na nafasi ya kuchagua wanaohusika, na mtu aweze kuiandika hata akiwa hana bando. Jaribuni wenyewe mwezi mmoja kabla ya kuwapa wengine.