Meza Kwanza, Baruti Baadaye: Mafunzo Niliyopata Katika Kushindilia Risasi Nyumbani

Ninaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huwa Novemba. Miezi ya baridi inayofuata, wawindaji wengi hujifungia gerejini wakijaza upya maganda ya risasi walizokwisha kupiga. Mzee mmoja jirani ndiye aliyenifundisha kazi hii, na mengi aliyonifundisha yalihusu mbao zaidi kuliko baruti.

1. Hati zako kabla ya nyundo

Sheria ya shirikisho haimdai leseni anayeshindilia risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Leseni inadaiwa ukizitengeneza ili uziuze. Lakini sisi tuliotoka nje tuna habari nyingine ya kuzingatia. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala hata risasi moja, isipokuwa aingie katika misamaha michache, kama ule wa mwenye leseni halali ya kuwinda. Asiye na hati haruhusiwi kabisa. Mwenye ukaazi wa kudumu husimama pamoja na raia katika jambo hili, ingawa kila jimbo lina masharti yake juu ya hayo. Ndugu yangu, usikubali rafiki akuambie "hapa kila mtu anafanya". Anayepoteza makazi yake ni wewe.

2. Meza ndiyo mashine ya kwanza

Watu hukimbilia kununua mashine ya kushindilia, kisha wakaifunga kwenye meza ya jikoni. Haifai. Ganda lililopigwa huwa limetanuka. Kulirudisha kwenye kipimo chake, hasa la bunduki kubwa kama .30-06, unalisukuma ndani ya kalibu ya chuma kwa mkono wa mashine. Ukivuta mkono chini, ukingo wa mbele wa meza nao unavutwa chini. Ukiupandisha kulitoa ganda, meza inataka kunyanyuka. Mvutano huo hurudiwa kwa kila ganda. Meza ikicheza, mkono wako hauwezi kuhisi ganda linapokwama au fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, inapokaa vibaya, na hisia hiyo ndiyo ulinzi wako.

Basi miguu iwe ya mbao nne kwa nne na fremu ya mbili kwa nne. Kumbuka kwamba duka likikuuzia mbili kwa nne, mbao iliyorandwa ina inchi moja na nusu kwa tatu na nusu tu, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kukata. Pale fremu inapokutana na mguu, chonga mguu ili fremu ikalie mbao, isibaki kuning'inia kwenye bolti. Kaza kwa bolti zenye washa pana. Misumari hulegea kwa mtikisiko. Juu weka plaiwudi nene, tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi na skrubu, na nyuma pigilia ubao mzima wa plaiwudi. Huo ubao wa nyuma ndio unaozuia meza kuyumba kushoto na kulia; watu wengi huusahau, wakadhani tatizo ni miguu.

Mashine ikae juu ya mguu au karibu nao sana, ili nguvu ishuke moja kwa moja sakafuni. Bolti zake zipite mpaka chini, zikabane kwenye kipande cha chuma bapa. Kisha funga meza yote kwenye nguzo za ukuta, zile za ndani, si kwenye jasi. Nyumba ya kupanga ikikukataza kutoboa ukuta, weka rafu chini na uipakie vitu vizito. Kimo ni juu yako: mkono wa mashine ukifika chini kabisa, mgongo wako usiwe umeinama.

3. Mizani isikae juu ya meza hiyo

Baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja. Kwa kipimo kidogo namna hiyo, mtikisiko wa mashine au upepo wa hita unatosha kudanganya mizani. Mimi nimeipa rafu yake yenyewe, iliyofungwa ukutani bila kugusa meza, na niliinyoosha kwa pimamaji.

4. Baruti moja tu mbele yako

Kopo moja mezani, mengine yote kabatini, na baruti ibaki ndani ya kopo lake la kiwandani lenye jina lake. Baruti za kisasa zinafanana kwa macho lakini haziungui kwa kasi moja. Ikiwa wazi, inawaka moto mkali. Ikifungiwa ndani ya chuma, inageuka shinikizo linaloweza kupasua bunduki usoni pako. Kamwe usiitie kwenye gobori lililotengenezewa baruti nyeusi. Maganda ya bastola ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa mengi yanaweza kupokea kipimo mara mbili bila kufurika. Yapange kwenye kibao chenye mashimo, umulike taa ndani ya kila moja kabla ya kuweka kichwa cha risasi.

Fataki nazo zibaki kwenye pakiti zake. Pakiti zile zimeundwa kuzitenga, kwa sababu zikimiminwa pamoja kwenye chupa, moja ikilipuka zinalipuka zote.

5. Ganda lina umri

Shaba ya njano huchoka. Ukiona mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu na kitako, au ufa mdomoni, liponde kwa koleo ulitupe.

6. Madini ya risasi ni sumu

Masalia ya fataki na vichwa vya risasi yana madini ya risasi, sumu inayowaumiza watoto zaidi. Usile wala kuvuta sigara mezani pale, nawa kwa sabuni na maji baridi, na futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

Ikiwa unataka kuanza, nunua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti, toleo jipya, ukifuate kama kilivyo. Umwombe mwenye uzoefu akae nawe mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha. Na gereji iwe na kufuli.