KUITENGENEZA MASHUA KUUKUU YA ALUMINI

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, viwanda vingi vya Marekani vilivyokuwa vikiunda ndege vilipungukiwa na kazi. Kampuni ya Grumman ya New York, iliyokuwa ikiunda ndege za vita, iligeukia pia mitumbwi ya alumini, iliyoungwa kwa ribiti kama bawa la ndege. Wengine wakafuata, na hata leo katika maziwa ya nchi hiyo zimo mashua za wavuvi zilizopita umri wa miaka hamsini. Alumini haishikwi na kutu kama chuma, wala haiozi, lakini huchoka.

Mwenye mashua ya namna hiyo aonapo maji ndani, mara hukimbilia kuziba tundu. Hilo ni kosa. Mara nyingi taruma limevunjika, nalo bati la ubavuni huchezacheza kila lipigwapo na wimbi, hata ribiti zikalegea na bati likapasuka. Akiziba ufa na kuliacha taruma, ufa mwingine utatokea kando yake.

Ili kupajua panapovuja, mashua huwekwa nchi kavu juu ya magogo, ikatiwa maji ya kina cha inchi chache, na kila palowapo kwa nje pakatiwa alama ya chaki. Isijazwe, maana kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja.

Ufa hutobolewa tundu dogo kwa keekee pale unapokoma, huku na huku, usipate kuendelea. Kisha hupigwa kiraka cha alumini kilichopakwa dawa ya kuzuia maji. Mtu mmoja hupiga ribiti kwa nyundo, na mwenziwe hushikilia chuma kizito upande wa pili. Ribiti za shaba hazifai kamwe: shaba na alumini zikutanapo majini, hasa ya chumvi, alumini huliwa. Kuchomelea nako kwataka fundi hodari, kwa kuwa alumini huyeyuka kwa joto la digrii 660 bila kugeuka nyekundu kwanza. Asiyejua huishia kupata shimo kubwa kuliko ufa.

La kuogopwa zaidi ni ubao wa tezi unaobeba mashine. Kwa nje bati lang'aa, kumbe ndani mbao zimekwisha oza. Ukigongwa hutoa sauti nzito, na bisibisi huzama ndani yake kama katika muhogo uliochemshwa. Ubao huo waweza kukatika mashine ikivuta kwa nguvu, watu wakiwa mbali na ufuo. Hautiwi kiraka, hutolewa wote, na mpya hukatwa kwa kipimo chake, ukapakwa gundi isiyopenya maji mpaka ndani ya matundu ya bolti. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zisitumike hapo, kwani nazo hula alumini.

Mashine haifungwi mpaka gundi imekauka kabisa, na safari ya kwanza huwa karibu na ufuo, ndoo ya kufulia maji ikiwa ndani.