Malaria Imeonekana, Je, Ini Limepimwa?

Ukishikwa na homa hapa Mamboleo, Kisumu, jirani atakuambia ni malaria kabla hujafika zahanati. Mara nyingi hakosei, maana ukanda huu wa ziwa ndio unaoongoza kwa malaria nchini Kenya. Lakini kuna virusi vya hepatitisi B, ambavyo hukaa mwilini miaka na miaka bila mtu kuhisi lolote. Makao yake ni ini, na ini hilohilo ndilo kituo cha kwanza cha vimelea vya malaria.

Mbu akishakuuma, vimelea huingia katika seli za ini, vikazaana humo kwa takriban wiki moja kabla ya kumwagika kwenye damu. Homa huanzia hapo. Seli za kinga zinazopigana na hepatitisi B kwa miaka mingi huchoka. Je, uchovu huo hupunguza kinga ya malaria ambayo mtu mzima wa huku ameijenga tangu utotoni? Watafiti bado hawajaafikiana. La hakika ni kwamba kinga hiyo ya malaria haikukingi na hepatitisi.

Kile kipimo cha tone la damu kidoleni hujibu swali moja tu. Mistari miwili ikitokea, una malaria; kuhusu ini hakisemi kitu. Basi omba na kipimo cha hepatitisi B, hata kama hujisikii vibaya. Virusi vikibaki mwilini zaidi ya miezi 6, ugonjwa umekuwa sugu. Mama mjamzito asikose kupimwa: watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki navyo.

Macho yakiwa manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kumaliza dozi ya dawa ya malaria ya ALu. Malaria kali nayo huleta dalili hizo. Na tafadhali, kwa ajili ya ini, usizidishe paracetamol, na chang'aa iache kabisa.

Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Siaya na Kombewa na kuzinduliwa Homa Bay Septemba 2019, sehemu yake imeundwa kwa protini ya ganda la virusi vya hepatitisi B. Hata hivyo mtoto apate pia chanjo zake za hepatitisi B za wiki ya 6, 10 na 14. Aliyezaliwa kabla ya 2001 hakuzipata za hepatitisi utotoni: apimwe kwanza, na asipokuwa na virusi aombe dozi zake tatu.