Besi Imefifia: Ninunue Pikapu Mpya?

SWALI: Nina gitaa la besi la mtumba. Sauti imefifia na nyuzi zinagongagonga. Wenzangu wananishauri nibadilishe pikapu. Ni sawa? – Msomaji, Msambweni

JIBU: Ndugu yangu, usitie mkono mfukoni bado. Pikapu (si ile ya kubebea nazi) ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Hunasa mtikisiko wa uzi, na uzi uliochoka haufufuliwi na sumaku mpya. Kuanzia Diani hadi kwenu hewa ni ya chumvi na unyevu, na chuma hushika kutu upesi. Pitisha kidole chini ya uzi mnene: kikitoka cheusi, umempata mwizi wa sauti yako; badilisha nyuzi kwanza. Kugonga nako mara nyingi ni shingo, maana ubao hunywa unyevu ukajipinda. Bonyeza uzi kwenye feti (kijichuma kinachokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati pabaki upenyo mwembamba kama kadi. Usipouona, legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, kisha upime tena.

Utasema James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown kule Detroit, alisifika kwa kutobadilisha nyuzi. Kweli, lakini zake zilikuwa bapa, laini, zisizokusanya jasho sana, na Detroit haina bahari ya chumvi. Nawe jaribu bapa. Kwa chakacha zinapendeza, ingawa mpenda kupiga kwa gumba ataziona butu. Pikapu ikikoroma hata nyuzi zikinyamaza, kagua kwanza tundu la kuchomekea waya. Nalo huliwa na kutu.