Picha Inatoka Nyumbani: Maswali ya Wasafiri Kuhusu TV

Ligi ikianza, barua huanza kumiminika. Mabaharia, wanafunzi, madereva wa masafa marefu, wafanyabiashara walioko Guangzhou, mashangazi waliokwenda Muscat kumtazama mjukuu na kukaa miezi sita, wote wanataka kuona TV ya nyumbani wakiwa ugenini. Wanaouliza namna ya kuweka programu kwenye simu wamwombe mtoto yeyote aliye karibu. Hapa nimechagua maswali yanayonikera, pamoja na machache yanayonitia hofu.

Fundi, king'amuzi changu kiko Tabata, nimekiunganisha na kifaa cha kurusha picha kwa intaneti. Hoteli niliyofikia Dubai nimepima kasi, ni megabiti 150 kwa sekunde. Mbona picha inagandaganda?

Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote, na karibu kila anayeuliza amepima mahali pasipohusika. Ndugu yangu, hoteli inapokea tu. Anayetuma picha ni nyumba yako ya Tabata. Unalaumu bomba la jikoni wakati tangi halijajazwa.

Tuelewane vizuri, maana hata mafundi wenzangu wanakosea hapa. Intaneti ya nyumbani ina kasi mbili. Ya kwanza ni ya kupakua, yaani kuleta vitu ndani. Hiyo ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango. Ya pili ni ya kupakia, yaani kutoa vitu nje, na hiyo haiandikwi popote kwa sababu mara nyingi ni ya aibu. Ruta ya laini ya simu inayoleta megabiti 20 inaweza kutoa mbili tu, na jioni zikapungua zaidi. Mpira unaoonekana vizuri kwenye simu, picha ya 720p, unataka kama megabiti tatu zinazotoka bila kukatika. Ukitaka 1080p ujaze kioo cha TV, weka tano. Huko nyumbani nani anakula kasi hiyo? Kamera ya ulinzi ya getini inayopeleka video mtandaoni usiku na mchana. Simu ya binamu inayohifadhi picha zake zote za harusi. Wote wanapita mlango uleule mwembamba, na mpira wako uko nyuma yao kwenye foleni.

Kwa hiyo mpigie mtu aliye nyumbani. Apime saa mbili usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni, asipime asubuhi. Akusomee namba ya pili, ile ya kupakia. Ikiwa chini ya tatu, shusha ubora wa picha kwenye kifaa chako. Kiunganishe na ruta kwa waya, achana na Wi-Fi inayopenya kuta mbili. Ukipata kifurushi cha faiba chenye kasi sawa pande zote mbili, hapo utapumua.

Umbali nao unasingiziwa sana. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ya kimataifa ilipanda satelaiti na kushuka, na malalamiko ya umbali yalikuwa na msingi. Leo safari ya Dar hadi Dubai si tatizo. Tatizo ni mita chache kutoka sebuleni kwako hadi kwenye nguzo.

Jambo la mwisho ambalo hakuna anayelifikiria: bando linaliwa mara mbili. Picha ya megabiti tano kwa sekunde hula GB 2.25 kwa saa. Mechi yenye mapumziko na maneno ya wachambuzi ni kama GB 4.5, na kiasi hicho kinatoka kwenye bando la nyumbani na pia kwenye bando lako huko uliko. Ukisikia mke analalamika MB zinaisha siku ya pili, usimtafute mwizi.

Shikamoo fundi. Mama yangu yuko Tanga, anasema TV inabadilisha chaneli yenyewe usiku, na ameshaita mtu wa kuisomea dua. Mimi niko Doha na huwa naitazama kwa simu.

Marahaba. Ni wewe.

King'amuzi cha kawaida kinafungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukibonyeza rimoti ya kwenye simu ukiwa Doha, kile kifaa cha kurusha picha kinapeleka amri kwenye king'amuzi, na mama aliyekuwa anaangalia tamthilia yake anajikuta kwenye mpira. Nunua king'amuzi cha pili, kiwe chako, kifungwe chumba kingine. Na umwombe mama radhi kabla hajalipia dua nyingine.

Nimeunganisha HDMI ya king'amuzi kwenye kifaa cha kurusha. Sauti inakuja, picha nyeusi.

Hiyo ni kinga ya kunakili, HDCP, iliyomo ndani ya HDMI. Sitakufundisha kuivunja. Tazama nyuma ya king'amuzi kama kuna matundu ya AV, yale ya njano, nyekundu na nyeupe. Picha yake ni hafifu lakini kwenye kioo cha simu hutaona tofauti kubwa. Kisha soma masharti ya mkataba wako.

Nimepata Slingbox kwa bei poa Kariakoo. Niichukue?

Hapana. Seva zake zilizimwa tarehe 9 Novemba 2022, na bila seva hizo matoleo yote ya Slingbox yaliacha kufanya kazi kama yalivyouzwa. Inasikitisha, kwa sababu kilikuwa kifaa cha heshima cha kurusha picha ya nyumbani. Ndugu wawili wa California, Blake na Jason Krikorian, walikibuni kwa sababu walikuwa wakisafiri na kukosa mechi za besiboli za San Francisco Giants, wakaanza kukiuza mwaka 2005. Anayekuuzia leo anajua kwa nini bei ni poa.

VPN ipi ni nzuri? (Barua za Mombasa, Mwanza, Sharjah, Birmingham na Columbus zimeunganishwa. Watatu wameongeza: "ya bure.")

Mmeambiwa na nani kwamba VPN ina TV ndani yake? VPN inabadilisha anwani unayoonekana nayo mtandaoni, basi. Haizalishi chaneli na haiongezi kasi. Mara nyingi inaipunguza. Kampuni nyingi zinazouza huduma hii hazina seva Tanzania kabisa, na zile zilizo nazo hugunduliwa na wenye programu za TV wakazifungia.

Ya bure ndiyo inayonipandisha presha. Mwaka 2015 iligundulika kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake hao kwa wateja wengine. Maana yake mtu usiyemjua anapita mtandaoni kwa jina la nyumba yako, na akifanya uhalifu, anwani inayoonekana ni yako. Bure hiyo mmeilipia.

Na sheria zipo. Falme za Kiarabu, kwa sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021, anayeficha anwani yake ili atende kosa anaweza kufungwa au kutozwa faini kati ya dirhamu 500,000 na milioni mbili. Tanzania nako, Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN wajisajili. Aliyeko Sharjah asome sentensi hizo mara mbili kabla ya kunijibu kwamba "wote wanatumia".

VPN ninayoikubali ni ile unayoifunga mwenyewe kwenye ruta ya nyumbani kwako, WireGuard kwa mfano, uingie nyumbani kwako na kutokea hapo. Hata hiyo, sheria ya nchi uliyopo inabaki palepale.

Fundi wa mtaani ameniambia nifungue mlango kwenye ruta ili nifikie kifaa changu nikiwa mbali. Nimefungua, bado sikifikii.

Kwanza, ufunge. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na mashine za kurekodi video kwa maelfu duniani, kwa sababu tu zilikuwa wazi mtandaoni na nenosiri lake ni lile la kiwandani. Kifaa chako kingeingia humohumo.

Pili, kwako usingefanikiwa hata hivyo. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na Starlink nayo hufanya hivyo kwa vifurushi vyake vya kawaida. Ingia kwenye ruta, tazama anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, uko kwenye anwani ya kuchangia. Mgeni kutoka nje hana njia ya kukufikia moja kwa moja. Tumia huduma kama Tailscale, ambayo kifaa cha nyumbani chenyewe ndicho kinachoanza kutoka nje kukutafuta. Huyo fundi wa mtaani akurudishie pesa.

Kuna kiboksi cha Android chenye chaneli 10,000, unalipa mara moja tu maisha. Jirani zangu hapa Minneapolis wanacho.

Fikiri kidogo. Nani analipia haki za ligi tano za Ulaya, filamu, na chaneli zote hizo kwa malipo ya mara moja?

Januari 2023 mtafiti mmoja alifungua kiboksi cha T95 alichokinunua mtandaoni akakuta kimetoka kiwandani na programu haribifu ndani. Juni 2025 FBI ikatoa onyo kuhusu mtandao wa BADBOX 2.0, unaotumia vifaa vya nyumbani vya namna hii kupitishia uhalifu wa watu wengine. Mwezi uliofuata Google iliwafungulia kesi wanaouendesha, ikisema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10. Kiboksi kinakaa sebuleni, kwenye Wi-Fi ileile mnayofungulia akaunti ya benki. Ukiona maelekezo yake yanakuambia uzime ulinzi wa Google Play, kitupe. Usimpe ndugu.

Nikibeba king'amuzi na dishi hadi Muscat?

Utaanikia dagaa. Mwale wa satelaiti huelekezwa kwenye eneo la wateja. Ukivuka Namanga unaweza kuendelea kupata picha kwa sababu mwale hausimami mpakani, ila kuvuka bahari ni habari nyingine.

Nalipia TV ya Ubelgiji nikiwa Ufaransa inafanya kazi. Ya Nairobi ninayolipia pia, nikifika Brussels inakataa. Huu si ubaguzi?

Ni biashara ya haki. Matangazo ya mpira huuzwa kwa maeneo: SuperSport inaponunua Ligi Kuu ya Uingereza, inanunua kwa Afrika Kusini mwa Sahara, na Ubelgiji ameuziwa mwingine. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2018 huduma ya kulipia imfuate mteja anaposafiri kwa muda ndani ya nchi za Umoja. Sheria hiyo inaishia kwenye mipaka yao. Taarifa ya habari ni rahisi zaidi: vituo vingi vya Kenya na Tanzania huirusha mubashara YouTube. Kabla ya kununua chochote, angalia huko.

Kila nikisafiri mitambo inafanya kazi siku mbili tatu, kisha kimya.

Hamkununua umeme. Weka LUKU ya kutosha kabla ya kuondoka, funga betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta, na uzime kwenye king'amuzi ule mpangilio wa kujilaza chenyewe kisipoguswa rimoti kwa saa kadhaa.

Goli linaingia kwangu wakati wenzangu nyumbani wameshashangilia. Nirekebishe nini?

Hakuna cha kurekebisha. Nusu dakika ya kuchelewa ni kawaida kwa picha ya intaneti. Nyamazisha kundi la WhatsApp la timu hadi mpira uishe.