Ukulele ya Kwanza: Kuchagua Chombo cha Kujifunza Pamoja na Mtoto



Somo la leo limetokana na swali la dada yangu. Mwanawe ana miaka 7, ameiona ukulele kwenye video na kuipenda, na dada anataka wajifunze wote wawili, mama na mwana. Akaniuliza, "Frateri, ninunue ipi?" Najua wapo wengi kati yetu wenye swali kama hilo. Una mdogo wako, una mpwa, una mtoto uliyemsimamia ubatizo, au unalea watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani. Basi tulitazame vizuri, maana ndani ya swali hili la dukani limo pia swali la malezi.

1. Chombo chenyewe

Ukulele ni kama ndugu mdogo wa gitaa, ina nyuzi nne tu. Wengi tunaijua kuwa ni ya Hawaii, lakini mizizi yake iko Madeira, kisiwa cha Wareno. Mwezi Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na watu zaidi ya 400 kutoka Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kati yao walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Baadaye hao wakaanza kutengeneza vyombo vidogo kwa mfano wa vile vya kwao. Wahawaii wakavipenda, na mfalme wao Kalākaua akavipa heshima. Miaka hiyohiyo, kwenye visiwa hivyohivyo, Mtakatifu Damien alikuwa akiishi na wagonjwa wa ukoma kule Molokai.

Kwa hiyo hiki ni chombo cha wahamiaji na vibarua: chepesi, kidogo, hakihitaji umeme. Kinamfaa mtoto. Lakini si kila kinachouzwa kwa jina la ukulele kinafaa.

2. Saizi ipi?

Ziko saizi nne. Soprano ina urefu wa karibu sentimita 53, concert karibu 58, tenor karibu 66, na baritone ni kubwa kuliko zote. Tatu za kwanza kwa kawaida hutyuniwa sawa: G, C, E, A. Baritone hutyuniwa D, G, B, E, kama nyuzi nne nyembamba za gitaa.

Hapo kuna jambo la kuzingatia kama mnajifunza wawili. Mkinunua mbili, ziwe za tyuni moja, ili mtoto akikuangalia vidole aone kitu kilekile anachotakiwa kufanya yeye. Soprano kwa mtoto wa miaka 5 hadi 8, concert kwa wewe mwenye vidole vinene: mtapiga kodi zilezile (si kodi za TRA, jamani, ni zile za muziki!). Kama fedha inatosha moja tu, chukua concert mtumie kwa zamu. Mtoto wa miaka 7 anaimudu. Baritone iacheni kwanza.

3. Mambo matano ya kupima dukani

*Vikazio vya nyuzi.* Chagua vyenye gia, vinavyozunguka polepole na kubaki pale ulipoviacha. Kikiteleza chenyewe, rudisha.

*Urefu wa nyuzi kutoka kwenye shingo.* Kwenye freti ya 12, nafasi kati ya uzi na freti isizidi milimita 3 hivi. Nyuzi zikiwa juu sana vidole vya mtoto vitauma, naye ataacha.

*Ukweli wa sauti.* Fungua programu ya kutyuni kwenye simu. Piga uzi mtupu, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 upige tena. Lazima programu ionyeshe herufi ileile. Ikipotoka sana, chombo hicho hakitakaa sawa hata akikishika fundi.

*Ncha za freti.* Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Kikikwaruzwa, mtoto naye atakwaruzwa.

*Nyuzi zenyewe.* Ziwe za nailoni au za aina hiyo. Usifunge nyuzi za chuma za gitaa, zinavuta kwa nguvu na zinaweza kuharibu chombo.

Mbao za tabaka, yaani plaiwudi, zinatosha kabisa kwa anayeanza, na zinavumilia joto na unyevu kuliko mbao nzima. Na ujue kwamba nyuzi mpya hulegea kwa siku kadhaa za mwanzo. Huo si ubovu. Tyuni kila mnapoanza, zitatulia.

4. Kwa nini nasisitiza hivi?

Huyu mpwa wangu alikuwa tayari na ukulele ya plastiki, zawadi ya Krismasi. Ilikuwa mwanasesere, si chombo. Ukiityuni, kabla wimbo haujaisha imeshalegea. Mtoto alijitahidi kwa wiki mbili, kisha akamwambia mama yake, "Mimi siwezi muziki." Ona basi: kasoro ilikuwa ya kitu, yeye akaibeba kama yake. Mtoto hana namna ya kutofautisha. Chombo kibovu kilimfundisha uongo juu yake mwenyewe.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili yake kwa Nikomako, anasema kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, kama vile tunavyokuwa wenye haki kwa kutenda haki. Ila anaongeza kitu ambacho wengi hukiruka: kwa kupiga kinubi hichohicho hupatikana wapigaji wazuri na wapigaji wabaya pia. Kurudiarudia hakutoshi, yategemea unarudia nini. Sikio la mtoto likizoea sauti iliyopotoka, ndiyo litakayoiona sawa. Vivyo hivyo na moyo wake.

Sisemi mnunue cha bei kubwa. Nasema, kuliko kununua viwili visivyotyunika, nunueni kimoja kinachotyunika. Tusiwape wadogo vitu vya kuwakatisha tamaa halafu tukasema hawana kipaji.

5. Kuanza wawili

Dakika 10 kila siku ni bora kuliko saa nzima Jumamosi. Siku za kwanza, kodi ya C: kidole cha pete, uzi wa A, freti ya 3. Kidole kimoja tu! Kisha Am: kidole cha kati, uzi wa G, freti ya 2. Kiache hapohapo, ongeza kidole cha shahada kwenye uzi wa E, freti ya 1, na hiyo ni F.

Mkiwa na vyombo viwili, gawaneni kazi. Mtoto ashike C tu, wewe ushike F. Imbeni wimbo rahisi wa kodi mbili, kila mmoja apige zamu yake ikifika. Siku hiyohiyo mtakuwa mmepiga wimbo, na mtoto ataona kwamba bila yeye wimbo haukamiliki.

Na wewe mkubwa, kubali kuwa mwanafunzi mbele yake. Luka sura ya 2 inatuonyesha Yesu wa miaka 12 akiwasikiliza waalimu na kuwauliza maswali, kisha akirudi Nazareti na kuendelea kukua katika hekima. Kama Mwana wa Mungu hakuona aibu kujifunza, wewe unaona aibu ya nini? Mtoto akikuona unakosea freti, unacheka kidogo na kurudia bila hasira, umemfundisha unyenyekevu bila mahubiri.

Kuhusu Misa: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia, namba 120, unaruhusu vyombo vingine pamoja na kinanda kama vinafaa kwa matumizi matakatifu na mamlaka ya Kanisa imeridhia. Kwa hiyo muulizeni kwanza paroko na mwalimu wa kwaya. Nyumbani, kwenye sala ya jioni, anzeni leo.

Zoezi la wiki

1. Soma Luka 2:41-52 polepole.
2. Jiulize: kuna mtoto gani karibu yangu aliyeshaamini kwamba "hawezi"? Je, shida ni yake, au ni ya kile tulichompa?
3. Mtafute. Kaa naye dakika 10, mjifunze kitu ambacho nyote wawili hamkijui.

Bwana Yesu, uliyekubali kukua kama mtoto, tujalie subira kwa wadogo wetu. Amina.